Komiki, Nairobi na kaunta buku ya mwanafunzi wangu

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea zaidi ya wiki, na wapo waliokuwa wanaulizana kama nimedisko. Sijadisko (bado, teh teh). Nilikuwa Nairobi. Nilikwenda na washikaji zangu wawili kwenye tamasha la komiki, yaani zile hadithi za picha ambazo wengi wenu mnaziita katuni au vibonzo. Ndiyo, mwanafunzi wa Ualimu mwaka wa tatu amekaa kwenye basi masaa kumi na saba kwenda kuangalia watu wazima waliovaa kama Spider-Man. Chekeni mmalize kabisa, halafu tuendelee, maana kuna jambo nataka kuwasimulia na halichekeshi lote.

Kwanza niwatambulishe wasafiri. Majina yao siweki hapa, wenyewe wamenikataza. Wa kwanza ni Dada Mapambo, mnamjua, ndiye aliyeshona mavazi ya ile tamthiliya ya mwaka jana. Wa pili ni Mkandarasi, jamaa wa Uhandisi ambaye chumba chake cha hosteli kina maboksi mengi kuliko stoo ya duka. Wa tatu ni mimi, wao wananiita Ticha. Mpango ulikuwa wa Mkandarasi. Tangu mwaka wa kwanza anatuimbia kwamba Nairobi kuna tamasha ambalo wachoraji wanapanga meza na kuuza kazi zao, watu wanafanya kosplei, yaani unavaa kama mhusika wa komiki au wa filamu, na siku nzima unaongea habari hizo bila mtu kukuuliza utakua lini. Basi tukabana bumu miezi minne. Bumu lenyewe mnalijua, 10,000 kwa siku tangu 2022, ukitoa ugali maharage na fotokopi kinachobaki unakihesabu kwa tochi. Mimi nilikula mihogo ya kukaanga usiku mpaka muuza mihogo akaanza kuniulizia nikichelewa.

Wiki moja kabla ya safari Dada Mapambo akaniomba begi kubwa. Nikampa lile nililotumia BTP, bila kulikagua. Kesho yake akanifuata kantini akiwa ameshika kaunta buku ya kuaya mbili, jalada limevikwa gazeti.

"Ticha, hii nani kachora?"

Wadau, moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili.

Wa Ualimu wanaijua BTP. Kwa nyie wengine, ni yale mazoezi ya kufundisha. Unapelekwa shule, unapewa vipindi, na mhadhiri anakuja siku usiyoijua kukaa nyuma ya darasa na karatasi ya alama. Mwaka jana mimi nilipangiwa sekondari moja ya kata kwenye zile tambarare za chini ya Moshi, wanakolima mpunga wa kumwagilia. Mimi mtoto wa Temeke, mpunga nilikuwa naujua ukiwa wali. Nikapewa Kiswahili kidato cha pili. Nilikuwa na mashati mawili meupe na tai moja nyekundu ya marehemu mjomba, tai ndefu kweli, kila nikiifunga inapita mkanda.

Kwenye darasa langu kulikuwa na kijana mmoja anakaa nyuma, karibu na dirisha. Karibu kila siku anaingia kipindi kimeshafika katikati, miguu ina tope hadi magotini. Nikimuuliza anasema, "Nilikuwa shamba, mwalimu." Namwambia asimame nje. Sikuwahi kuuliza shamba gani wala anafanya nini huko. Nilikuwa na andalio la somo la dakika 80 na swali hilo halikuwemo.

Siku moja nafundisha ngeli, nikasikia vicheko vya chinichini. Kaunta buku ilikuwa inapitishwa chini ya madawati. Nikaidaka. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa ni mimi. Kichwa kama boga, jasho linaruka pande zote, tai imeshuka hadi sakafuni na mwenyewe nimeikanyaga, na juu ameandika kwa herufi kubwa: TICHA WA MUDA.

Mhadhiri alikuwa amenikagua siku mbili kabla yake, na alama alizoniachia zilikuwa za kuomba Mungu. Nadhani ningecheka siku nyingine. Siku ile sikucheka. Niliuchana ule ukurasa mbele ya darasa, vipande vinne. Nikampigisha magoti mpaka kengele. Na nikasema maneno ambayo naona aibu kuyaandika, kwamba hapa ni shule, si kijiwe cha wachora katuni, na kwamba picha hazitamlisha. Kaunta nikaitia kwenye begi, "utaipata siku ya kufunga." Siku ya kufunga nikasahau. Hapana, niseme ukweli kwa kuwa ni nyie. Sikusahau. Alikuja mpaka mlangoni kwa ofisi ya walimu, akasimama, na mimi nikajifanya nasahihisha madaftari.

"Umeisoma lakini?" Dada Mapambo akaniuliza pale kantini.

"Nimeipitia."

Akaniangalia vile unavyomwangalia mtu anayekwambia kwenye simu yuko njiani wakati unasikia godoro linalia. Akaifunga kaunta, akaitia kwenye begi. "Basi inakwenda Nairobi," akasema.

Tuliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi. Mkandarasi kwenye basi ni redio, hazimwi. Kabla ya Chalinze alishatuambia kwamba tamasha la San Diego kule Marekani, ambalo ndilo linaloigwa na mengi, lilianza 1970 likiwa na watu kama 300 tu, na sasa wanaingia zaidi ya 130,000. Akaja na Wajapani, kwamba wana la kwao Tokyo linaitwa Comiket, tangu Desemba 1975, ambako mashabiki wanauziana vitabu walivyochora wenyewe. Dada Mapambo akamkatisha, "Na sisi?" Kimya.

Mzee mmoja wa kiti cha mbele yetu akageuka. "Nyie vijana mmesoma Sani?"

Basi bwana, tukapewa somo. Kwamba Sani ilianza miaka ya 1970, waanzilishi wakiwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lenyewe limetoka kwao, SA ya Saidi na NI ya Nico. Kwamba kulikuwa na Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Dokta Love Pimbi, na gazeti moja lilisomwa na mtaa mzima mpaka karatasi inalegea kama kitambaa. Mzee anawaongelea kama watu aliosoma nao.

"Mimi nilichapwa kwa sababu ya Lodi Lofa," akasema. "Mwalimu alinikuta nasoma chini ya dawati, akanichapa sita, akaichukua Sani yangu. Dakika kumi tukamsikia ofisini anacheka peke yake."

Basi zima la jirani zetu likacheka. Mimi nikacheka kidogo, halafu nikaangalia dirishani. Yule mwalimu angalau aliisoma.

Mzee akashukia Korogwe. Mchana tukapita Same, mkonge kidogo, vumbi nyingi, mlima umejificha kwenye mawingu. Tulipoipita Njia Panda ya Himo nikajua kwamba upande wa kushoto, huko chini kwenye kijani, ndiko ilipo ile shule. Dada Mapambo alikuwa anajua pia, nilishamwambia. Hakusema kitu. Alinipa karanga.

Namanga tulifika usiku umeingia. Tangu 2018 pale kuna kituo cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo moja, kwa hiyo haichukui muda ukiwa na hati ya kusafiria na kadi ya njano. Isipokuwa kama unasafiri na Mkandarasi. Ofisa akafungua begi lake akakuta kichwa cha roboti kilichotengenezwa kwa boksi na sponji ya godoro, kimepuliziwa rangi ya fedha.

"Hii ni nini?"

"Kichwa, afande."

"Kichwa cha nani?"

"Changu, afande."

Akaambiwa akivae. Akakivaa. Foleni nzima ikatoa simu. Ofisa mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani, akasema karibuni Kenya. Nairobi tuliingia saa tano usiku, tukalala Umoja kwa binamu yake Dada Mapambo, wote watatu na maboksi sebuleni.

Asubuhi yake tukapanda matatu kwenda mjini halafu Westlands. Nyie mnaosema sanaa ya picha haiko Afrika Mashariki, nendeni mkasimame kituoni Nairobi nusu saa. Matatu zimechorwa kila upande, wanamuziki, wachezaji wa mpira, mashujaa wa filamu, mpaka unasahau kuangalia linakwenda wapi. Tamasha lenyewe lilikuwa kwenye ukumbi mkubwa. Jina lake siandiki, hawajanilipa tangazo. Foleni ilikuwa mpaka nje, na kwenye foleni peke yake nilihesabu Spider-Man tisa, Naruto sikuwamaliza, na Luffy mmoja mwenye kofia ya majani amembeba mdogo wake mgongoni, naye amevaa kofia ya majani.

Dada Mapambo alikuwa amevaa kama wale askari wa kike wa Wakanda kwenye Black Panther, filamu ya 2018. Vitambaa na shanga za Kariakoo, mkuki wa bomba la maji, na jamani, alinyoa nywele zote. Alinyoa! Nywele alizosukia miaka mitatu. Kila hatua mbili anaombwa picha. Mkandarasi yumo ndani ya boksi anatoka jasho la furaha. Mimi sikuwa na vazi. Pesa yangu iliishia kwenye nauli. Kwa hiyo nilivaa nilichonacho, shati jeupe, suruali nyeusi na ile tai nyekundu ya mjomba. Binti mmoja mwenye nywele za bluu akanisimamisha.

"Sasa! Na wewe ni nani?"

"Mwalimu."

"Wa anime gani?"

Nikakosa jibu. Nikamwambia ya Kitanzania, bado haijatoka.

Nisiwachoshe na kila meza. Niseme tu kilichonishangaza mimi kama mtu wa Ualimu. Nilitegemea kelele na michezo ya video, na ilikuwepo. Lakini nilikuta pia watoto wa miaka kumi, kumi na mbili, wamekaa chini na madaftari yao, wazazi wamesimama pembeni wameshika mabegi, na watu wazima wenye kazi zao wanainama kuangalia walichochora na kuwaambia hapa sawa, hapa rudia. Hakuna aliyewaambia picha haziliwi. Wakenya wale wamekua wakiona kazi za watu wao. Kuna Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, kuna Frank Odoi aliyetoka Ghana akafanya kazi Nairobi mpaka alipofariki 2012, kuna Shujaaz ya Sheng iliyoanza kugawiwa bure 2010. Mtoto wa pale akisema anataka kuchora, kuna mtu wa kumwonyeshea kidole.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Alasiri Dada Mapambo akanishika mkono akanipeleka kwenye meza moja ya pembeni. Nyuma yake alikaa kaka mwenye rasta fupi na wino kwenye vidole, anauza komiki yake mwenyewe. Dada akatoa kaunta buku kwenye begi akaiweka mbele yake.

"Kaka, naomba utuangalizie hii."

"Ni yako?"

"Ya mwanafunzi wake," akaninyooshea mkuki.

Yule kaka akafuta mikono kwenye suruali ndipo akaifungua. Akaanza ukurasa wa kwanza. Nilidhani atapekua haraka, hapana, alisoma. Watu wanakuja mezani, anawaambia ngojeni kidogo. Na kwa kuwa alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, mimi nikawa naisikia hadithi kwa mara ya kwanza. Buku niliyokaa nayo mwaka mzima.

Hadithi inaitwa SANAMU. Kuna kijana anaamka usiku wa manane kwenda kuamia mpunga. Kuamia, kwa watoto wa mjini kama mimi, ni kulinda mazao yasiliwe na ndege. Kwelea kwelea wanakuja kukipambazuka, maelfu, na wakishuka kwenye shamba lisilo na mtu wanakuachia majani. Kijana anakaa juu ya dungu anapiga makopo. Shambani kuna sanamu lililovikwa koti la kutishia ndege. Alfajiri moja sanamu linashuka kwenye mti wake, linamwambia, "Wewe nenda shule, leo nitaamia mimi." Kijana anakimbia. Anaruka mifereji. Anafika, kipindi kimeanza. Mwalimu anamwambia asimame nje.

Yule kaka akanyamaza. Akatuonyesha kisanduku cha mwisho, kimechukua ukurasa mzima. Mbele, kijana amesimama nje ya darasa, mikono imeshuka. Mbali kabisa, kwenye mpunga, sanamu limesimama vilevile. Hakuna neno hata moja.

"Unaona hapa hajaandika kitu," akasema. "Kuna watu wamechora miaka kumi na bado hawajui kunyamaza. Na angalia maneno huku mbele. Mtu akianza huwa anachora kiputo kwanza, halafu maneno yanabanana ndani kama watu kwa matatu. Huyu ameandika kwanza, akazungushia baadaye. Na mikono! Mikono ni ngumu, wengi wanaificha kwa mifuko. Huyu ameichora yote. Nani alimfunza?"

"Hakuna," nikasema. Hilo niliweza kulijibu.

Akafungua mbele zaidi, akafika palipochanwa. Akapitisha kidole kwenye ile mizizi ya karatasi. "Hapa kuna ukurasa umetoka." Kisha akaleta macho karibu na ukurasa uliofuata, ambao ulikuwa mtupu. Akatabasamu. Akachukua penseli, akailaza, akaanza kupaka kijivu taratibu. Yule kijana anakandamiza sana kalamu, wadau. Mistari yote ilikuwa imebonyea kwenye karatasi ya chini. Ikaanza kutokea, nyeupe juu ya kijivu. Kwanza boga. Halafu jasho. Halafu tai, inashuka, inashuka, mpaka chini.

Yule kaka akaangalia picha. Akaangalia kifua changu.

Mkandarasi alicheka ndani ya boksi mpaka kichwa kikamgeukia nyuma. Dada Mapambo ilibidi aegemee mkuki. Hata mimi nilicheka, sikuweza kujizuia, maana ilikuwa mimi kabisa. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita 800 kuja kusimama mbele ya picha ileile na tai ileile. Nilipomaliza kucheka nikaona yule kaka hacheki tena.

"Na mwenyewe ako wapi?"

"Kwao. Moshi."

"Anajua hii kitu iko hapa?"

Sikujibu. Akaelewa, na naona ndiyo maana hakunisema. Akaifunga kaunta kwa mikono miwili. "Mimi kitabu changu nimechapa nakala nyingi, ukipoteza moja nakupa ingine. Hii iko moja tu duniani. Mrudishie, ticha." Akatoa kalamu mbili za wino mweusi na nakala ya komiki yake, akakataa pesa. "Mwambie Gado pia ametoka kwenu." Ni kweli. Godfrey Mwampembwa, huyo Gado ambaye Wakenya wanamsoma kila siku wanadhani ni wao, alizaliwa Dar 1969 na akahamia Nairobi 1992 kuchorea gazeti la Nation.

Usiku ule Umoja sikulala vizuri. Dada Mapambo naye alikuwa macho, kichwa kimefungwa kanga kwa baridi. Nikamwambia nitaituma kwa basi nikifika Dar, naweka bahasha nzuri. Akasema, "Ticha, kesho saa nane mchana tunapita Moshi. Usinifanye nikuchome mkuki." Nikamwambia Jumatatu nina uwasilishaji wa semina, alama tano. Akageukia ukutani.

Nikashuka Moshi. Mkandarasi alinishushia begi, akaniazima 10,000 bila kuulizwa. Nikapanda daladala, halafu boda. Nilikwenda kwanza kwa mama niliyepanga kwake wakati wa BTP, naye ni mwalimu palepale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetutupa jamani!"

Nikamuuliza habari za yule kijana, huku naogopa jibu. Akasema yupo, sasa kidato cha tatu, hesabu zinamsumbua. "Saa hizi yuko mpungani. Ndege mwaka huu wamekuja vibaya." Nikamuuliza, kumbe anaamia kila siku? Akanishangaa. "Baba yake anaumwa mgongo toka yuko darasa la sita. Hukujua?"

Nilimkuta juu ya dungu, kama nilivyoliona kwenye hadithi, miti minne na majani juu, kamba za makopo zimetandazwa juu ya majaruba. Amerefuka. Akaniona natembea kwenye kingo na viatu vyangu vya Nairobi, akashuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Nikampa kaunta kwa mikono miwili. Hakuanzia mwanzo. Alifungua moja kwa moja palepale. Akagusa palipochanwa, halafu akaona ile kijivu.

"Nani kafanya hivi?"

Nikamwambia yote. Tamasha, meza, yule kaka, alivyosema kuhusu mikono na kuhusu kisanduku kisicho na maneno. Alisikiliza bila kuniangalia. Nikamwambia nilikosea kuuchana, nilikosea zaidi kukaa nayo, na kwamba sikuwahi kumuuliza shamba gani. Nikaomba anisamehe. Sijui nyie mmewahi kumwomba msamaha mwanafunzi. Kwenye kozi zetu zote hakuna mada hiyo, na koo linakauka kuliko siku ya ukaguzi.

Akasema, "Haya, mwalimu." Basi. Sijui hiyo "haya" ilikuwa ya namna gani na sikutaka kumkaba anifafanulie.

Nikamuuliza kama bado anachora. Akasema alichora kidogo nyuma ya daftari la Jiografia, halafu akaacha. Akafungua moja ya zile kalamu, akaijaribu kwenye kiganja, mstari mmoja mweusi. Akaiangalia muda mrefu kidogo.

Mara akainua kichwa. Mimi nilidhani ni moshi, kumbe ni ndege, wingu zima linapinda kuja upande wetu. Akanirushia mwisho wa kamba. "Vuta, mwalimu! Vuta!" Tukavuta, makopo yakalia, yeye anakimbia kwenye kingo anapiga kelele, mimi natumbukia kwenye jaruba na suruali ya kosplei. Wanainuka, wanazunguka, wanarudi. Tulifanya hivyo mpaka jua likazama. Mikono ilinichubuka kwa kamba, na hiyo ni jioni moja tu. Yeye kesho yake alfajiri alikuwa na zamu nyingine, halafu kipindi cha kwanza.

Tunaagana akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, hiyo tai uliivaa mpaka Nairobi?"

"Niliivaa."

Akainama, lakini niliona meno.

Jumatatu nilikosa semina, alama tano zimekwenda na maji ya mfereji. Mkandarasi namdai picha na yeye ananidai 10,000. Dada Mapambo anavaa kofia mpaka nywele ziote, msimcheke mkikutana naye maktaba. Na nyie wa mwaka wa kwanza na wa pili mnaosubiri kupangiwa shule za BTP, kuna siku mtoto atawaambia alikuwa shamba. Mimi sina ushauri mkubwa, alama zangu mnazijua. Muulizeni tu shamba gani.

Tutaonana wiki ijayo, testi zikiniacha hai.